Mnyonge, Mdogo, Mnyenyekevu: Jinsi Kiswahili Kinavyowataja Watu wa Chini

Utangulizi

Miaka michache iliyopita watu wa jamaa moja ya mtaa wa Mudzipela, mjini Bunia, waliniomba niwatafsirie wasifu wa mzee wao aliyefariki akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80. Wasifu huo uliandikwa kwa Kiingereza na wajukuu zake waliokulia Kampala, ambako wazazi wao walikimbilia wakati wa vita vya mwaka 2003. Ulitakiwa usomwe kwa Kiswahili mbele ya waombolezaji. Ulikuwa ukurasa mmoja tu, nami nilidhani kazi ingekwisha kabla chai haijapoa. Sentensi mbili zilinikwamisha. Ya kwanza ilisema kwamba marehemu alizaliwa katika jamaa ambayo Kiingereza huiita humble. Ya pili ilisema kwamba maisha yake yote ya kazi alishika cheo ambacho Kiingereza hukiita lowly, kwa maana alikuwa planto, yaani mpeleka barua wa ofisi, yule ambaye Watanzania humwita tarishi.

Kwa haraka niliandika kuwa marehemu "alizaliwa katika jamaa nyenyekevu". Jioni yake rasimu ilisomwa mbele ya dada mkubwa wa marehemu, bibi ambaye hakuwahi kuingia darasani. Akamkatiza msomaji. "Wanyenyekevu? Hapana, mwalimu. Sisi tulikuwaka maskini tu. Baba yetu alikuwaka na kiburi kushinda shefu." Watu wakacheka, hata waliokuwa wakilia. Nami nikachukua kalamu na kukata neno langu.

Makala haya yametokana na aibu hiyo. Yanakusudia kueleza jinsi Kiswahili kinavyotaja hali ya mtu asiye na cheo, mali wala sauti, na kwa nini maneno yake hayakai sambamba na yale ya Kiingereza, wala ya Kifaransa tunachofundishia huku Ituri. Mifano mingi imetoka katika Kiswahili cha Bunia. Mingine imetoka pwani na Tanzania, kwa kuwa maneno haya yalisafiri, na katika safari hiyo baadhi yalipanda na mengine yakashuka.

Tendo na hali

Kosa langu lilikuwa la namna gani? Neno la Kiingereza humble, kama ndugu yake wa Kifaransa anayeandikwa vivyo hivyo, hubeba mizigo miwili kwa pamoja. Humtaja mtu asiyejikweza, nayo ni sifa njema. Humtaja pia mtu aliyezaliwa chini, na hii si sifa wala kosa, bali ni mahali alipowekwa na maisha. Anayesema Kiingereza haoni shida kuunganisha mambo hayo mawili, na mara nyingi huyaunganisha kwa makusudi, ili umaskini wa mtu upambwe na adabu kidogo. Mwandishi wa wasifu hulipenda neno hilo kwa sababu halimwaibishi mtu.

Kiswahili hukataa muungano huo, na sababu yake imo ndani ya sarufi yenyewe. Neno mnyenyekevu latokana na kitenzi nyenyekea, kama vile mlegevu litokavyo katika legea. Mtu humnyenyekea mwingine: ni tendo, lina mtendaji, na mtendaji angeweza kuacha kulitenda. Tajiri aweza kunyenyekea, na mfalme pia. Kwa upande mwingine, -nyonge ni kivumishi kinachotaja hali, si tendo la mwenye hali hiyo. Mnyonge hakutenda lolote hata akawa mnyonge. Ndiyo maana mithali isemayo "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni" inauma hivi: haimwombi mnyonge tabia yoyote, inawaambia wenye nguvu tu. Weka mnyenyekevu mahali pa mnyonge uone jinsi mithali yote inavyoporomoka.

Watafsiri wa Biblia walikutana na njia panda hii zamani. Katika utenzi wa Bikira Mariamu, sura ya kwanza ya Injili ya Luka, neno la Kigiriki lataja hali ya chini ya msemaji. Tafsiri ya Muungano, ambayo Biblia yake nzima ilitoka mwaka 1952, ilichagua unyonge, na msemaji ikamwita mjakazi. Biblia ya Habari Njema ya miaka ya 1990 iliacha maneno yote mawili ikamwita mtumishi mdogo. Msomaji ataona kwamba si suala la mtindo tu. Mjakazi ni mwanamke wa utumwani. Mtumishi aweza kuwa na mshahara. Katika miongo minne na kitu, msemaji yuleyule amepandishwa ngazi moja, na wengi wetu hatukutambua.

Chini, nchi, na udongo

Kwa bahati, kuna mahali lugha hizi zinapokutana kabla ya kuachana. Neno la Kilatini lililozaa humble latokana na humus, yaani udongo. Mtu wa namna hiyo ni yule aliye karibu na ardhi. Nasi twasema "mtu wa chini", na neno chini, kama wanasarufi walivyokwisha kuonyesha, ni nchi iliyotiwa kiambishi cha mahali -ni: penye nchi, penye ardhi. Watu wa Roma na watu wa pwani ya Afrika Mashariki walimtazama maskini kwa jicho moja, wakamwona ameketi penye udongo.

Lakini nchi hiyohiyo imezaa mwananchi, neno la heshima, hasa tangu miaka ya uhuru. Mtu wa chini na mwananchi ni watoto wa shina moja. Mmoja amekaa juu ya ardhi kwa kukosa kiti, mwingine ardhi ni yake. Jirani yao ni raia, neno lililotoka Uarabuni likiwa na maana ya kundi la kuchungwa, na baadaye watu walio chini ya mtawala. Leo raia ana haki na kadi ya kupigia kura. Hata hivyo, huku kwetu Ituri sikio bado husikia maana ya kale. Askari asemapo "raia", kwa kawaida humkusudia mtu yeyote asiye na bunduki.

Sitakaa sana juu ya maskini na fukara, ambayo yote ni ya Kiarabu, wala juu ya duni na dhalili. Inatosha kusema kwamba maskini ni mzee kuliko Kiarabu chenyewe, kwa kuwa yumo katika maandishi ya Wababeli. Na kwamba kwa njia ya Waarabu aliingia Ulaya, ambako Wafaransa walimfanya mesquin, mtu wa roho ndogo na mkono mgumu. Safari iliyoanza na kukosa mali imeishia kwenye kukosa utu. Katika Kiswahili haikutukia hivyo. Kwetu neno hili bado hutoka kinywani likifuatwa na huruma: "Maskini!" twasema, hata kwa tajiri aliyefiwa.

Wenye kutumwa

Shina -tum- lastahili sura yake. Hakuna shina jingine la Kiswahili lililotawanya watoto wake juu na chini namna hii.

Mtumwa ni mtu anayetumwa: kitenzi tuma katika hali ya kutendwa. Mtume naye ni mtu aliyetumwa, maana irabu -e mwishoni mwa nomino ya namna hii hutaja aliyetendwa jambo, kama tuonavyo katika mteule na mshinde. Kisarufi, basi, maneno hayo mawili yasema jambo moja. Tofauti yao haimo katika kutumwa bali katika aliyetuma. Aliyetumwa na Mungu ni mtume. Aliyetumwa sokoni na bwana aliyemnunua ni mtumwa. Katikati yao yuko mtumishi, aliyetokana na tumika. Kwenye Kiswahili cha Kongo, kutumika ndiyo kufanya kazi hasa. Aulizwaye "Unatumikia wapi?" haulizwi kuhusu utumwa wake, anaulizwa jina la mwajiri.

Katika makanisa ya Bunia mtumishi amepanda hadi kileleni. "Mtumishi wa Mungu" ni jina la mhubiri, na mtu hulitamka akiwa amesimama. Wiki nzima jina hilohilo, bila "wa Mungu", laweza kumtaja msichana anayefua nguo. Mgeni ajifunzaye lugha yetu hushangaa. Sisi hatushangai, kwa sababu tumezoea kusikiliza jina la bwana kabla ya jina la mtumwa.

Marehemu wetu alikuwa miongoni mwa wenye kutumwa. Planto ni neno la Kifaransa planton, mtu aliyesimama akingoja kutumwa. Katika ngazi za watumishi wa serikali ya Kongo cheo cha mwisho kabisa huitwa huissier, na watu husema wisye. Tanzania, mesenja na tarishi wameanza kuitwa wahudumu. Ofisi haipendi kusikia kwamba kuna mtu ndani yake ambaye kazi yake ni kutumwa, kwa hiyo hubadili jina na kuacha mshahara ulivyokuwa.

Waungwana wa Ituri

Sasa tufike kwenye kisa ambacho, kwa maoni yangu, wanafunzi wetu wangepaswa kukijua kabla ya vingine vyote, kwa sababu ni historia ya jina la lugha yao.

Lamu, Pate na Unguja, mwungwana alikuwa mtu huru wa ukoo unaojulikana, mwenyeji wa mji, mwenye nyumba ya mawe au haki ya kudai kwamba babu yake aliijenga. Chini yake walikuwapo wageni, na chini kabisa watwana na wajakazi. Mtu hakuwa mwungwana kwa tabia, alizaliwa hivyo. Nje ya mji, bara, walikuwako washenzi, neno ambalo mtu wa pwani alimtupia yeyote asiyefuata dini na mavazi yake.

Katika karne ya 19 misafara ya pembe na watumwa iliingia bara. Wapagazi na walinzi wake wengi walikuwa watumwa, au watu waliokombolewa jana, au vijana wa Kimanyema waliotekwa wangali watoto na kulelewa kambini. Pwani hakuna ambaye angewaita waungwana. Lakini pwani ilikuwa mbali. Mbele ya watu wa vijiji vya bara, mwenye kanzu, bunduki na Kiswahili alijiita mwungwana, na hakuwapo mtu wa kumkanusha. Stanley, katika vitabu vyake, aliwaita wapagazi wake wa Unguja Wangwana, kama walivyojiita wenyewe. Kutoka Nyangwe na Kasongo, kwenye himaya ya Hamed bin Muhammad el-Murjebi, ambaye dunia yamjua kwa jina la Tippu Tip, watu hao walishuka Mto Lualaba hadi maporomoko ya Kisangani, na wengine wakaelekea mashariki, wakaingia msitu wa Ituri.

Msafara wa Stanley wa kumtafuta Emin Pasha ulipoupita msitu huo tangu mwaka 1887, ulikuta vituo vyao kandokando ya mto. Mmoja wa wakubwa wa huko aliitwa Ugarrowwa. Kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, mtu huyo katika ujana wake alikuwa mtumishi wa hema katika msafara wa Speke. Yaani boi! Mtu aliyekuwa akikunja hema la Mzungu katika miaka ya 1860 alikuwa, miaka 25 baadaye, bwana wa mto mzima, na watu wake walikuwa waungwana. Mwaka huohuo wa 1887 Tippu Tip alikubali kuwa gavana wa Stanley Falls kwa niaba ya mfalme Leopold wa Pili.

Lugha ya waungwana hao iliitwa Kingwana. Baada ya Wabelgiji kuvunja nguvu za mabwana wa misafara katika miaka ya 1890, lugha ilibaki, na jina likabaki pamoja nayo. Mwaka 1928 wamisionari wawili wa jina la Whitehead walitoa kitabu cha sarufi yake na kukiita kwa jina hilo. Ila maana ilikuwa imegeuka. Masikioni mwa wasomi wa Kiswahili, Kingwana kilikuja kuwa jina la Kiswahili kibovu, Kiswahili cha kazi, cha migodini na barabarani. Jina lililowahi kutaja kilele cha mji wa pwani sasa lataja lahaja ambayo mwanafunzi wangu huiomba radhi anapoinua mkono kuuliza swali. Nimewahi kumsikia mmoja akisema, "Samahani mwalimu, mimi nasema Kingwana tu." Nilimwuliza kama alijua kwamba anaomba radhi kwa kusema lugha ya watu huru.

Mshenzi naye alisafiri njia ileile. Alipoingia Kongo alivaa vazi la Kibantu cha huku akawa basenji, na Wabelgiji wakamwokota. Katika miaka ya 1940 na 1950 nchi ilikuwa na aina mbili za Waafrika machoni pa serikali: evoluwe, aliyesoma, na basenji, aliyebaki kijijini. Mwaka 1948 ikatolewa kadi ya sifa ya uraia kwa wale wa kwanza. Mwaka 1952 ukaongezwa utaratibu wa kuandikishwa, ambapo mtu alichunguzwa hata jinsi anavyoishi nyumbani mwake. Wengi wetu tunakumbuka babu zetu waliosimulia mambo hayo kwa kicheko kisicho na furaha. Kadi zilikufa mwaka 1960 pamoja na ukoloni, lakini basenji hakufa. Bado husikika katika ugomvi, na kwa kichekesho cha historia amekuwa pia jina la aina ya mbwa wasiobweka, wanaofugwa Ulaya na Marekani na watu wasiojua kwamba kila wanapomwita mbwa wao wanatamka tusi la pwani yetu.

Udogo

Tumerudi Bunia, na hapa ndipo suala linapokuwa zito.

Kiswahili hutumia neno moja, -dogo, kwa mambo matatu: kimo, umri na cheo. Mdogo wangu ni ndugu aliyezaliwa nyuma yangu. Mtu mdogo ni yule asiye na madaraka, kinyume cha wakubwa ambao, kila mahali lugha hii inaposemwa, ni watu wa serikali. Ukoloni uliukamata udogo huu na kuutumia vizuri. Boi, kwetu boyi, ni neno la Kiingereza la kumtaja mtoto wa kiume, nalo lilipewa wanaume wenye wake na wajukuu. Mzee wa miaka 60 aliitwa mtoto na kijana wa miaka 20 aliyefika jana kutoka Ulaya. Katika migodi ya dhahabu ya Kilo na Moto, juu ya wafanyakazi aliwekwa kapita, neno la Kireno lililoanza likiwa kapteni na kuishia kwa msimamizi wa kikosi cha majembe. (Leo katika mashimo ya Mongbwalu mwenye shimo huitwa PDG, kama mkuu wa kampuni kubwa la Kinshasa. Maneno ya juu nayo hushuka, wala si kwa huzuni daima.)

Kiswahili cha Kongo kina chombo kingine ambacho Kiswahili sanifu hukitumia kwa nadra: ngeli ya ka- na tu-. Nyumba ndogo ni kanyumba, watoto wadogo ni tutoto. Ngeli hiyo hupunguza ukubwa, na papo hapo huongeza kitu kingine, mapenzi au dharau, kwa kadiri ya sauti. Kutoka hapo likaja neno kadogo.

Kadogo lilijulikana duniani wakati wa vita vya 1996 na 1997, likiwataja askari wadogo wa jeshi la AFDL waliotembea kwa miguu kutoka mashariki hadi Kinshasa. Vita vilipowaka Ituri, lilikuwa hapa pia. Na kutoka hapa likafika The Hague. Kesi ya Thomas Lubanga katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilianza kusikilizwa mwezi Januari 2009. Hukumu ilitolewa tarehe 14 Machi 2012, na kosa alilopatikana nalo lilihusu watoto wa chini ya miaka 15 walioandikishwa na kutumiwa vitani. Mashahidi kadhaa walisema Kiswahili chetu, na wakalimani wakakigeuza Kifaransa na Kiingereza sentensi kwa sentensi.

Hebu msomaji ajiweke katika kibanda cha mkalimani. Shahidi anasema "kadogo". Je, amesema mtoto? Amesema askari wa cheo cha mwisho? Amesema kijana mfupi? Au amesema tu neno la mazoea, ambalo kamanda humwita kila amtumaye kuchota maji? Katika sarufi ya Kiswahili chetu maana zote hizo zipo, hazigombani, na msemaji halazimiki kuchagua. Katika sheria iliyokuwa mezani, kuchagua ndilo jambo lenyewe: mwaka mmoja juu au chini ya 15 hutenga kosa na lisilo kosa. Kumbuka pia kwamba wingi wa neno hili, watu wengi wa Bunia wanavyolisema, si tudogo kama ngeli inavyodai, bali ni bakadogo, kwa kiambishi cha watu kilichopandishwa juu ya ka-. Kwa mwanaisimu hiyo ni ishara kwamba neno limekwisha kuganda na kuwa jina la cheo. Kwa mama anayemtafuta mwanawe lilikuwa bado lasema alichosema yeye tangu mwanzo: ni mdogo. Neno peke yake lisingetosha, na majaji hawakuliegemea peke yake. Walisikiliza mashahidi na kutazama picha za video. Lakini nafikiri hakuna mfano bora wa kumwonyesha mwanafunzi kwamba tafsiri ya neno la udogo si pambo la mtindo. Waliokuwa wadogo wakati ule leo ni watu wazima. Wengine wanaendesha pikipiki za abiria katika mji huu, na bado kuna watu wanaowaita kadogo.

Nani asema

Limebaki jambo moja ambalo kamusi haziwezi kulionyesha. Maneno haya yana mwenyewe.

Mwenye nyumba humkaribisha mgeni kwa kusema, "Karibu katika kibanda changu," au huku kwetu "kanyumba kangu", hata kama nyumba ina vyumba sita na bati jipya. Mgeni akijibu, "Asante, kibanda chako ni kizuri," amemtukana. Vivyo hivyo mtu huenda ofisini na kusema, "Mukubwa, mimi ni mudogo wako," akitaraji kwamba mkubwa, kwa kukubali udugo uliomo ndani ya neno hilo, atalazimika kumsaidia kama kaka. Hapo udogo si maelezo ya cheo bali ni dai. Atakayetafsiri kauli hiyo kwa neno la unyonge atakuwa ameitupa karata ya msemaji.

Wanasiasa wanaelewa hili kuliko sisi walimu. Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya 1964, wanyonge lilikuwa neno la fahari: wale waliostahili ardhi. Tanzania Bara, John Magufuli, aliyetawala tangu 2015 hadi alipofariki mwaka 2021, alijinadi kuwa rais wa wanyonge, na wanaume wenye vifua vipana walishangilia kuitwa hivyo. Kenya, katika uchaguzi wa 2022, hasla, mtu wa kuhangaikia riziki ya kila siku, alishinda urais. Walalahoi na makabwela walianza wakiwa maneno ya mzaha na utani wa wenyewe kwa wenyewe. Gazeti likiyaandika huyaandika kwa uchungu, na waziri akiyatamka lazima aangalie ni nani yumo ukumbini.

Wasifu wa planto

Rasimu ya pili ya wasifu niliitunga nikiwa na bibi yule kando yangu. "Jamaa ya hali ya chini" lilikuwa pendekezo langu, na kwa usahihi wa maana halina kasoro. Ndilo neno ambalo ningempa mwanafunzi katika mtihani. Yeye alisema linanukia ofisi. Tukaandika: "Wazazi wake walikuwa maskini." Akaomba niongeze "wala hawakuomba kitu kwa mtu", nami nikaongeza, ingawa halikuwamo katika Kiingereza.

Kuhusu cheo tulibishana zaidi. Nilijaribu "kazi ndogo". Alikataa kwa sababu marehemu alikuwa mdogo wake yeye, si wa ofisi. Nilijaribu "mtumishi wa kawaida". Aliniuliza watumishi wasio wa kawaida ni akina nani. Mwishowe akaniambia niandike kazi yenyewe na miaka yake, nisiweke neno jingine mbele wala nyuma. Siku ya mazishi ilisomwa hivi: "Alikuwa planto kwa miaka 34." Wazee waliokaa kwenye viti vya mbele waliitikia kwa vichwa. Mjukuu mmoja kutoka Kampala alinifuata baadaye akitaka kujua neno lake nililipeleka wapi.

Nilimwelekeza kwa bibi.